Kazi ya Ndiva Imeahirishwa

Nakunda mwanangu,

Nakuandikia Jumapili mchana nikiwa ofisini. Wewe umekwenda Bombo kumuaga bibi yako, na umesema utarudi na bodaboda kabla giza halijaingia. Baada ya ibada nyumba ilikuwa kimya mno, nikaona heri nije huku, ambako ukimya wa Jumapili ni wa kawaida na haumwulizi mtu chochote. Kesho asubuhi tutateremka pamoja hadi Same, upande basi lako la Morogoro, na najua tutakayozungumza njiani: begi, chaja, namba ya mwenyeji wako, ukifika nipigie. Hayo nayaacha hukohuko njiani. Chandarua umenunua. Dawa unazo. Kuhusu marafiki, wewe una busara kuliko niliyokuwa nayo mimi katika umri wako, na sisemi hivyo kwa kukupamba.

Ninalotaka kuliandika ni mwezi huu tulioumaliza, kwa sababu nimeshauandika mara moja na niliuandika vibaya.

Unajua waraka wangu wa kila mwisho wa mwezi, ule uitwao «Mwezi Wetu Chuoni», ambao hubandikwa kwenye mbao za matangazo na kutumwa kwenye kundi la simu la jumuiya ya chuo. Tangu nilipokuwa Mkuu wa Chuo, msomaji wangu wa kwanza alikuwa baba yako. Alikaa barazani na ile kalamu nyekundu aliyobaki nayo tangu enzi za kufundisha, akasoma huku midomo ikicheza, kisha akaniita.

«Mama Nakunda, umeandika tena ‘kuimarika’. Hiki chuo kinaimarika tangu tulipohamia hapa. Hakijapona tu?»

«Ndiyo lugha ya nyaraka.»

«Hebu niambie ukweli. Mwezi mzima hakuna hata mtu mmoja aliyecheka huko kwenu?»

Nilikuwa nakasirika kidogo, kisha nakata neno, na mara nyingi naongeza jambo dogo la kweli: mhadhiri aliyejifunga mwenyewe goli kwenye mechi dhidi ya wanafunzi, au mbuzi wa jirani aliyeingia ukumbini katikati ya mtihani. Watu walizisifu nyaraka zangu kwa mambo hayo madogo. Yote yalikuwa yake.

Mwezi huu nimeandika peke yangu. Ninakusimulia yale niliyoyaandika na jinsi yalivyokuwa, ingawa sina hakika kwamba simulizi hili la pili ni la kweli zaidi kuliko lile la kwanza. Mtu aliyekufa ganzi hawezi kuaminiwa sana anapoeleza kilichomgusa.

Niliandika kwamba tuliwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa shangwe. Baba yako tulimzika Alhamisi, na Jumatatu nilikuwa nimesimama ukumbini nikiwakaribisha watoto wa watu. Zaituni, katibu muhtasi wangu, alikuwa amenizuia mlangoni asubuhi ile.

«Profesa, rudi nyumbani. Kwetu sisi saa hizi ungekuwa kwenye eda, hata geti usingeliona.»

«Nani atasoma hotuba?»

«Nitaisoma mimi. Nina sauti kukushinda.»

Nilitabasamu, kwa sababu nilitambua kwamba hapo ndipo watu hutabasamu. Kisha nikaingia nikasoma hotuba yote bila kukwama. Wazazi walikuja kunishika mkono, wengine wakanipa pole, nami nikawajibu «karibuni sana». Baadaye Zaituni ndiye aliyeniambia kwamba nilikuwa nikizikaribisha pole zao.

Niliandika kwamba wanafunzi wetu wa usindikaji wamezindua kaushio la tangawizi kwa kushirikiana na kinamama wa kijiji cha Mamba, na kwamba ladha ya tangawizi hiyo ilisifiwa na wote walioionja. Siku ile walipofungua mlango wa kaushio harufu ilitoka kwa nguvu, watu wakakohoa wakicheka, macho yakiwatoka machozi. Wewe ulikuwepo, ulifuta macho kwa kiganja, na kamasi pia. Macho yangu yalibaki makavu. Mama mmoja akanitania: «Huyu Profesa wetu ametengenezwa na nini?» Nikapewa kipande, nikakitafuna taratibu mbele ya kamera. Sikusikia ukali wala harufu. Ilikuwa kama kutafuna kona ya bahasha. Nikasema ni tamu sana. Neno «wote» katika waraka lilinihusu na mimi, na halikuwa la kweli.

Sasa nifike kwenye ndiva.

Jumamosi ile ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ilikuwa kwenye kalenda ya chuo tangu mwaka uliopita: kijiji na chuo kuzoa tope kwenye bwawa la ndiva kabla ya mvua za vuli, maana tope likizidi, maji yanayokusanywa usiku hayakai na asubuhi mifereji ya wote hukauka. Niliiona tarehe, nikavaa mabuti, nikatoka. Ulikuwa unafua uani. Uliniuliza ninakwenda wapi nami nikajibu, «Kazini.»

Nilipofika kulikuwa na furaha ya kutosha. Wanakijiji walikuwa wakitaniana na wanafunzi wetu. «Chuo kimeleta jeshi,» mzee mmoja alisema, «lakini jeshi lenyewe linashika jembe kama kalamu!» Na mwanafunzi akamjibu, «Babu, subiri mshindo wa kalamu hii.» Waliponiona walinyamaza na kunisalimu kwa upole. Nikateremka ndani, nikamwomba msichana mmoja jembe lake, nikaanza kuchimba tope.

Unajua kilichotokea, lakini hujui nilichokielewa mimi. Waliokuwa karibu nami waliacha kwanza. Kisha walio mbali. Mmoja mmoja walipanda ukingoni, wakalaza majembe yao chini kwa utaratibu, wakasimama mikono mitupu. Mimi nikaamua kwamba huo ni mgomo. Kwa miezi kadhaa kumekuwa na manung'uniko kuhusu mgawo wa maji kati ya kijiji na chuo, na nikajiambia kwamba wamechagua siku hii kunionyesha. Nikasimama wima ndani ya tope, jembe mkononi, nikahutubia.

«Ndugu zangu, najua suala la mgawo halijakamilika. Kamati imeundwa na inaendelea na kazi. Nawaomba tusisimamishe shughuli ya maendeleo kwa jambo linaloweza kuzungumzwa mezani.»

«Hatuna neno na maji leo, mama,» sauti ilijibu kutoka nyuma.

«Basi tuendelee,» nikasema, nikainua jembe tena.

Hapo ndipo nilipokuona ukiteremka na viatu vyako vya nyumbani, ukizama hadi kwenye vifundo vya miguu. Ulinishika kifundo cha mkono.

«Mama, achia.»

«Kazi haijaisha.»

«Mama. Baba amekufa.»

Ulisema kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeleta habari kwa asiyekuwepo. Na kweli, mwanangu, nilishtuka. Nilitaka kukuuliza lini.

Hakuna mtoto wa huku asiyejua kwamba nyumba iliyofiwa haishiki jembe mpaka matanga yaondolewe, na kwamba aliyefiwa akilishika mbele za watu, wote huweka yao chini. Nimelijua hilo tangu nikibebwa mgongoni. Sikulisahau hata siku ile. Ungeniuliza ningekueleza vizuri. Nilichokuwa nimekisahau ni kwamba nyumba iliyofiwa ni yangu. Watu wale walikuwa wakinipa heshima kubwa kuliko zote walizonazo, nami nikawajibu kwa habari za kamati.

Bibi Nakiete, jirani yetu, ndiye aliyevunja ukimya. «Mpeleke mama yako akanywe uji,» alikuambia. «Na sisi tunakwenda kwetu. Leo imekwisha.» Wakaenda, wanakijiji na wanafunzi, na tope likabaki.

Katika waraka niliandika hivi: «Kazi ya kuzoa tope kwenye ndiva imeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa.» Sentensi safi. Ungetafuta kosa la lugha usingelipata. Ulikuja chumbani na simu mkononi.

«Imeahirishwa? Mama, mbona hukuandika kwa nini?»

«Waraka si mahali pake.»

«Nimeusoma wote. Mechi imo, kaushio limo, hata bati jipya la bweni limo. Baba hayumo.»

Ulipotoka nilijaribu. Nilifungua waraka na kuanza: «Mume wa Mkuu wa Chuo, ambaye...» Nikaisoma sentensi hiyo kama ambavyo angeisoma yeye, nikaifuta. Nikajaribu nyingine na nyingine, na kila moja ilikuwa inamhusu mtu nisiyemfahamu. Hatimaye nikauacha ulivyo. Sikufanya hivyo kwa kutojali, Nakunda. Lakini sitegemei uamini hivyo kwa sababu tu nimesema.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo, kisha nirudi. Babu yako wa Bombo, baba yangu, alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, Dar es Salaam, siku chache kabla ya mitihani. Ndugu walishauriana wakanificha mpaka nimalize karatasi ya kwanza. Kisha nikaambiwa, nikalia kidogo, nikaketi nikafanya zilizobaki. Nilifaulu vizuri kuliko mwaka wowote. Niliporudi nyumbani kila mtu alinisifu. Walisema nina moyo wa chuma, walisema babu yako angejivunia. Nadhani hapo ndipo nilipofundishwa kwamba msiba ni kitu cha kupita pembeni yake ukiwa na karatasi mkononi, na kwamba upande wa pili watakupigia makofi. Nilikuwa na umri unaokaribia wako. Kwa miaka mingi nilidhani ni nguvu. Mwezi huu nilidhani ni ganzi. Leo mchana huu sijui ni kitu gani. Inawezekana ni tabia tu, kama ya mtu anayefunga mlango kila anapopita bila kujua kwamba ameufunga.

Sitakuambia usifanye kazi siku ya huzuni. Kuna watu ambao kazi imewaokoa, na mmoja wao huenda ni wewe. Ninachokuomba ni kidogo zaidi: watu wakiweka majembe yao chini mbele yako, usianze kuwahutubia. Angalia kwanza kama hawajaona jambo linalokuhusu ambalo wewe bado hujaliona.

Nilitakiwa kuwa nimejifunza hilo pale ndivani. Sikujifunza, kwa sababu Alhamisi iliyofuata nilifanya kosa lilelile ndani ya nyumba yangu, na safari hii halikuwa la tope.

Baba yako mdogo, Elieskia, alikuja jioni. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyepanga maneno yake njiani.

«Shemeji, Nakunda anaondoka Jumatatu. Tuondoe matanga Jumamosi hii, mtoto awepo. Ndugu wa Kwakoa nimeshawapigia, wanakuja.»

Nilifungua shajara yangu. Sikuhitaji kuifungua, lakini mkono ulikwenda wenyewe.

«Jumamosi nina wakaguzi wa ithibati. Iwe Jumamosi inayofuata.»

Ulikuwa umesimama mlangoni pa jikoni na sufuria ya makande. Ulisema, «Baba mdogo, inayofuata mimi sipo.»

Nami nikasema, na kwa sauti ninayoitumia vikaoni, «Utashiriki kwa simu. Tutakuunganisha kwa video.»

Baba yako mdogo alitazama sakafu. Wewe uliweka sufuria mezani taratibu, ukanitazama, ukasema, «Sawa, Profesa.»

Tangu siku ile umenisalimu kila asubuhi, umeniaga kila jioni, umeniandalia chai. Hujaniita mama. Nimelitambua hilo kama mtu anavyotambua kwamba saa ya ukutani imesimama: baada ya muda, na bila kujua ilisimama lini. Halikuniuma mara moja. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba halikuniuma mara moja. Lilianza kuniuma jana, wakaguzi walipokuwa wakipewa chakula na mmoja wao akaniuliza kama nina watoto. Nikajibu ninaye binti mmoja, anaondoka keshokutwa; na nikashindwa kumalizia sentensi iliyokuwa inafuata, wala sikuijua ni ipi. Zaituni akanisogezea maji.

Walipoondoka nilikwenda kwa miguu hadi kwa baba yako mdogo. Nilipita juu ya ndiva nikaona mifereji yote inatiririka. Wanakijiji walikuwa wamekwenda alfajiri, wamezoa tope lote, na hakuna aliyenitumia habari. Chuo hakikualikwa. Nadhani walitaka nisiwe na sababu ya kuja.

Nilimkuta akichambua maharage ya mbegu.

«Nimekuja kuomba tarehe nyingine ya matanga,» nilimwambia.

«Shemeji, ndugu nimeshawageuzia mara moja. Nikiwageuzia tena wataniona mlevi.»

«Iwe Krismasi, Nakunda akirudi.»

Aliacha kuchambua.

«Mvua zinaanza wiki hii au ijayo. Unajua unachokisema?»

«Najua.»

«Shamba lote la kaka litalala. Mahindi, maharage, tangawizi. Na mimi siwezi kukulimia, mimi pia nimefiwa. Hizi mbegu nazichambua bure.»

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimehesabu hasara ya nyumba yangu, nikaisahau ya kwake. Nilimwambia kwamba kama ni hivyo tufanye wiki ijayo kama nilivyopanga, nami nitazungumza na wewe. Aliyapitisha maharage kutoka kiganja kimoja hadi kingine.

«Yule mtoto alisema nini siku ile, mimi nilipotoka?»

«Hakusema kitu.»

«Hapo ndipo pabaya,» alisema. Kisha akaanza kuyarudisha maharage kwenye gunia. «Krismasi. Nitawaambia ndugu kwamba mlevi ni wewe.»

Nimewaza tangu jana kama nimefanya vema. Sina hakika. Inawezekana nimekutwika mzigo: msimu mzima wa nyumba mbili unalala kwa ajili yako, nawe hukuulizwa. Inawezekana pia kwamba ninaahirisha tu, kama nilivyoahirisha mengine, na sasa nimepata sababu inayopendeza zaidi. Nimejipima kwa hilo na sijapata jibu. Ninachojua ni kwamba sitaki kumwondolea baba yako matanga wakati binti yake yumo ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye thermos.

Kwa hiyo mpaka Krismasi wewe bado umefiwa, na mimi pia. Huko Morogoro wakikupeleka shambani kwa mafunzo ukakabidhiwa jembe, fanya utakavyoona. Huko hawana desturi zetu, na masomo yako ni haki yako. Sitakufunga kwa kamba kutoka huku mlimani. Ukitaka kumweleza mwalimu wako, mweleze. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Na ukiona huwezi kurudi Krismasi, niambie mapema, tutatafuta siku nyingine. Usirudi kwa sababu ya shamba.

Bahasha hii nitaiweka mkononi mwako stendi, baada ya begi kuingia kwenye buti. Najua ungependa niyaseme haya kwa mdomo. Nilijaribu leo asubuhi ulipokuwa unafunga kamba za viatu uende Bombo, nikaishia kukuuliza kama una nauli.

Mimi nitabaki na nyumba na ofisi. Waraka wa mwezi ujao nitauandika, na sijui utakuwaje. Mvua zitanyesha, kila shamba kuanzia hapa hadi Mamba litageuka kijani, na la kwetu litaota majani, watu wakipita barabarani na kuliona. Atakayeniuliza imekuwaje shamba la Mkuu wa Chuo limeachwa hivi, nitamjibu kwamba tumefiwa, na mfiwa mwenzangu yuko masomoni.

Mama yako